Kifuko Nyuma ya Mlingoti

Misimu sita nilicheza mbele yake nikiwa nimempa mgongo. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanidhania mtu mwema. Beki humpa kipa wake mgongo kwa sababu ya kazi, hana njia nyingine. Mimi nilimpa mgongo kazini, na kazi ilipokwisha nikaendelea kumpa, miaka zaidi ya ishirini, na ninayoandika hapa yanahusu migongo yote miwili.

Sitalitaja jina lake, na hapa Kalemie hakuna atakayepotea kwa hilo. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo linawekwa kabatini. Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza mpaka siku ya kuzikwa. Yeye hakuzaa, basi watu wakamwita kwa kazi yake: Mama Kipa. Muulize yeyote bandarini au kwa wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, atakuonyesha anakokaa. Vijana wa siku hizi wanadhani ni jina tu, la utani. Hawajui kwamba alilinda goli la timu ya taifa, kwamba alipanda ndege akiwa amevaa koti lenye bendera kifuani, na kwamba wimbo wa nchi yetu ulipigwa ugenini yeye akiwa amesimama mstarini, mikono nyuma.

Watu hudhani kazi ya kipa ni mikono. Kwake ilianza na mdomo. Tangu mpira unapoanza mpaka filimbi ya mwisho alikuwa akisema nyuma yetu. "Kushoto! Muntu mugongoni! Panda! Rudi!" Na mpira ulipokuwa mbali, upande wa pili wa kiwanja, hakuna hatari wala cha kuamrisha, alisema neno moja tu: "Niko." Muda ukipita kidogo, tena: "Niko." Siku moja nilichoka nikamwambia, "Tunajua uko. Ungeenda wapi?"

"Weye hauna macho nyuma," akanijibu. "Usiponisikia utazani uko peke yako. Na muntu akizani iko peke yake anafanya bujinga."

Alikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka tukawa tunaisema naye kwa pamoja, kwa sauti za kumwigiza. Ukiona, sema. Ukikosea, tutacheka kisha. Ukinyamaza, tutafungwa. Kocha wetu, karani wa reli aliyetufundisha kwa mapenzi tu, alitaka kuiandika kwenye ukuta wa chumba cha kuvalia, lakini chumba chenyewe hakikuwa na ukuta wa maana.

Nje ya kiwanja, sasa, ungemtafutia maneno kwa tochi. Timu yetu ya reli ilisafiri kwa treni kwenda Nyunzu na Kabalo kucheza na wanawake wa huko, safari za kulala njiani. Sisi tuliimba mpaka sauti zikakauka. Yeye alikaa dirishani akitafuna muhogo mkavu, akitazama vituo vikipita. Ukimsemesha alitabasamu. Nilifikiri anajivuna. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa mtu mwenye haya, na kwamba goli lilimpa ruhusa ya kupiga kelele ambayo hakuipata mahali pengine popote.

Mikono yake ilikuwa mipana, yenye vidole virefu, na kidole kidogo cha kushoto kilivunjika kikaungana vibaya, kikawa kinaelekea upande wake peke yake. Hakuupiga mpira ngumi kama makipa wenye papara. Aliupokea. Aliuleta kifuani, akauinamia, akalala nao chini kidogo, na kocha pembeni akawa anakaribia kupasuka: "Toa! Toa mupira, muda unaenda!"

"Bado," alisema Kipa, usoni hana wasiwasi wowote.

Tulimuuliza kwa nini anachelewa. Akasema mpira unatoka mbali, umepigwa mateke na kila mtu, uachwe upumzike kidogo. Tulicheka sana. Alicheka nasi, lakini mechi iliyofuata alifanya vilevile.

Sasa nifike kwenye kifuko, maana nimekizunguka vya kutosha.

Timu yetu haikuwa na glavu. Jozi moja tuliyopewa na watu wa misheni ilipasuka msimu wa kwanza. Mvua zikianza, mpira ulikuwa mzito na unateleza kama samaki. Nyumbani kwao mama yake alichekecha unga wa muhogo kila siku, na Kipa, aliyekuwa akimsaidia, aligundua kwamba akitoka kwenye chekecheke viganja vyake vinakuwa vikavu na vinashika. Akashona kifuko kutoka kipande cha kitenge kilichochakaa, akakijaza unga, akakitundika kwenye wavu nyuma ya mlingoti wa kulia. Kabla ya mchezo aliingiza mikono, akasugua, akapiga makofi mara moja vumbi jeupe likapaa. Kilichobaki viganjani akakifuta kwenye mlingoti. Hiyo ndiyo dawa yote.

Lakini kwetu nyeupe si rangi ya kuchezea. Pemba, ule udongo mweupe, ndio wazee wanaojipaka wakizungumza na mizimu, ndio anaopakwa mama aliyejifungua mapacha. Watu wa Nyunzu walipoona mwanamke ananyunyiza vumbi jeupe golini na kuchora mistari mlingotini, walifanya hesabu yao wenyewe. Mshambuliaji wao, dada mmoja mwenye mapaja ya kuogopesha ambaye mechi iliyotangulia alimvunja beki wetu mbavu, alikuwa akifika karibu na eneo letu anautazama mlingoti, anapunguza mwendo, anapiga mpira kutoka mbali kabisa. Ile mipira ningeweza kuipokea mimi kwa leso.

Treni nzima ya kurudi tulicheka. Kipa mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi, na mechi iliyofuata akaongeza chumvi: aligonga mlingoti mara tatu, akainamisha kichwa, akachezesha midomo. Tulimuuliza alikuwa akisema nini.

"Salamu Maria," akasema. "Bakitaka kuogopa, mi nibakatalie?"

Kwa hiyo nisiseme alionewa tu. Alikuwa na ujanja, na ujanja ulimpendeza. Alikuwa na umri wa kupendezwa nao. Sisi sote tulikuwa nao.

Na mimi nilijua. Nataka hili lieleweke vizuri. Nilikifungua kifuko kile kwa mkono wangu, nikachovya kidole, nikalamba: unga wa muhogo, wenye ule uchachu wake. Huko Kabalo mvua ilikilowesha, mimi ndiye niliyetumwa sokoni kununua unga mwingine, kopo moja, na uliobaki tukausonga bukari, ugali wetu, tukala na ndagala, timu nzima. Tulikula dawa yetu wenyewe na mboga pembeni.

Maneno ya watu hayakusimama pale tulipoyaacha. Dawa ya nguvu namna ile, watu walisema, lazima ilipwe. Ilipwe na nini? Walitafuta, wakapata. Mwanamke analipa na watoto wa tumboni mwake. Na mikono inayochukua kila kitu kinachoijia, walisema, usiipe kitu chako, hairudishi. Sisi tuliyasikia hayo tukacheka nayo pia.

Alikuwa na mchumba. Fundi wa injini za treni, kijana mrefu mwenye kicheko cha karibu, aliyekuja mazoezini Jumamosi na baiskeli yake, akakaa nyuma ya goli kumsikiliza anavyotukaripia. Mama yake kijana alikuwa mjane wa dereva wa treni, na asili yake ilikuwa Nyunzu. Mnaona mambo yanakoelekea. Kipa alimwambia fundi ni unga, akamwambia na mama mtu ni unga. Haikusaidia. Nani mwenye dawa husema anayo?

Ijumaa moja alasiri, siku mbili kabla ya fainali ya jimbo, yule mama alikuja nyumbani, kwenye parseli yetu. Nilikuwa nachambua maharagwe uani. Alisalimia taratibu, akaketi kwenye kigoda nilichomletea, akaulizia wazazi wangu. Kisha akasema, "Mwanangu, weye njo unacheza mbele yake. Ile kifuko iko na nini?"

Jana yake nahodha alikuwa ametukusanya. Timu ya Manono ilishafika mjini na washambuliaji wake walikuwa wakiuliza habari za mlingoti wetu kwa hofu. Nahodha alituapisha: mtu asifungue mdomo mpaka Jumapili jioni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliona Jumapili si mbali.

"Mi sijue, Mama," nikasema.

"Haujue?"

"Sijue."

Sidhani kama alitaka kuvunja ndoa ile. Nadhani alikuja ili mtu amtoe hofu, na alichagua mtu wa kumtoa vizuri. Akashukuru, akafunga kitenge chake sawasawa, akaenda zake. Mimi nikarudi kwenye maharagwe.

Jumapili tulishinda moja kwa bila. Mshambuliaji wa Manono alibaki uso kwa uso na Kipa mara mbili na mara zote mbili akapaisha. Kati ya watazamaji walikuwapo watu kutoka Kinshasa waliokuja kuchagua wachezaji wa timu ya taifa, na jioni hiyohiyo waliandika jina lake. Wiki hiyohiyo familia ya fundi ikatuma ujumbe kwamba habari ya posa imesimama. Ndani ya siku chache alipata kimoja na kupoteza kingine, na mimi nilikuwa na mkono katika vyote viwili. Nilijiambia nitakwenda kwa yule mama nikamweleze. Kisha nikajiambia kwamba mume angemzuia kwenda Kinshasa, pengine nimemsaidia. Kila wiki nilikuwa na sababu nzuri. Fundi alioa mahali pengine, mama yake akafariki, na sababu zikawa hazihitajiki tena.

Habari za timu ya taifa alinisimulia vipande vipande, kwa miaka, na kila mara ilikuwa ni kuhusu magoli aliyofungwa. Mipira aliyookoa hakuizungumzia kamwe. Magoli aliyofungwa aliyakumbuka moja moja, upande lilikotoka, mguu uliopiga, hali ya nyasi. Huko walimpa glavu za kweli, nene, za rangi ya machungwa. Alisema usiku wa kwanza alizilaza chini ya mto, na asubuhi alipozivaa hakuusikia mpira. Ilikuwa kama mikono ya mtu mwingine.

Lakini kilichomtesa zaidi ni mdomo. Kule wachezaji wote walizungumza Lingala. Mabeki wake walikuwa wazuri, hodari kuliko sisi, na hakuna aliyeelewa Kiswahili chake kwa haraka ya mchezo. Alijifunza. "Niko" ikawa "Nazali awa." Alilisema neno hilo mpaka likazoea ulimi. Miaka michache alikaa benchi, kisha akawa kipa wa kwanza, akasafiri nchi za watu, akacheza kwenye nyasi za plastiki zilizomchuna mapaja. Akafika mechi ile ambayo wangeshinda wangekwenda mashindano makubwa ya Afrika.

"Mupira ilitoka kulia, juu," aliniambia. "Mi niliiona mbele ya bote. Nikaanza kusema na Kiswahili. Nikakumbuka hapana, Lingala. Ile kukumbuka tu. Beki akasimama, mi nikasimama. Mupira ikapita katikati yetu, ikaingia."

Aliweka sindano chini.

"Hakuna mwenye alisema," akamalizia, na akarudi kwenye alichokuwa akishona.

Nilitazama chini. Sikuweza kumtazama.

Goti liliharibika mazoezini, msimu uliofuata, na hivyo ndivyo alivyorudi Kalemie, na begi moja na jezi mbili. Hakuna ngoma iliyopigwa. Kocha wetu wa zamani alikwenda uwanja wa ndege peke yake, akamsaidia kubeba. Mimi sikwenda. Nilikuwa nimezaa mtoto wa kwanza, nilikuwa na sababu, sikukosa sababu hata siku moja. Sokoni watu walisema dawa yake ilikataa kuvuka bahari, ndiyo maana wakafungwa, na watoto alishawalipa bure.

Alianza kushona nyavu. Goti halikumruhusu kubeba wala kusimama sana, lakini vidole vilikuwa vizima, hata kile kilichopinda, na wavu aliujua. Wavuvi wakaanza kuleta nyavu zao kwake, kisha wakaleta kwa wingi. Siri ni ileile: mikono ya Mama Kipa haiachi kitu kupita, wavu ukishonwa naye samaki hawatoki. Wanaume watu wazima walitoka mpaka kule mto Lukuga unakoliacha ziwa kumletea nyavu. Uongo uliomnyima mume ukampa riziki. Kila Jumapili alikaa kiti cha mbele kanisani, akapokea komunyo, na Jumatatu mvuvi akimwomba auguse wavu kwa mikono miwili kabla hajaondoka, aliugusa. Nilimuuliza kama haoni vibaya. "Ni bunga ileile ya muhogo," akasema. "Inakausha mikono yao."

Jezi moja aliihifadhi. Ya pili, ya njano, yenye namba moja mgongoni, aliivaa akishona, kwa kuwa ilikuwa na sponji kwenye viwiko na yeye alikuwa akiegemea viwiko siku nzima. Namba ilifutika kidogo kidogo. Mpira wenyewe alikataa kuutazama. Jirani yake aliweka televisheni uani siku za mechi, watu wakajaa, yeye akabaki upande wake wa ukuta akishona. Lakini nilikuwa naye siku moja, na kabla watu kule hawajapiga kelele za goli, nilimsikia akisema polepole, "Muntu mugongoni."

Sasa kuhusu watoto wangu.

Nimezaa watano. Kila nilipozaa, siku chache baadaye Mama Kipa alikuja kunipongeza. Alileta kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye karatasi safi, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akauliza hali yangu. Mara ya kwanza aliuliza, "Naye?" Nikasema mtoto amelala. Mara ya pili nikasema mtoto amelala. Mara ya tatu hakuuliza, nikasema mwenyewe. Kuanzia hapo alipokuja aliweka mikono nyuma tangu anapoingia, kama alivyosimama kwenye wimbo wa taifa, ili nisipate taabu.

Mtauliza, si ulijua ni unga? Nilijua. Nililamba. Lakini ukisikia jambo kila siku sokoni, kisimani, kwenye kilio, kutoka kwa watu unaowaheshimu, na kweli mtu mwenyewe hana mtoto, na wewe una kichanga cha siku nne mkononi, moyo unasema: kwani ukimlaza ndani utapungukiwa nini? Uongo wangu mwenyewe ulizunguka mji mzima ukarudi nyumbani kwangu, na mimi nikaufungulia mlango kwa heshima. Naona aibu kuandika hivi. Nimeona aibu muda mrefu, na aibu haikunifanya nimpe mtoto hata mmoja.

Miaka hii maji ya ziwa yalipopanda, chumba chake cha ufukweni kilikwenda na ukuta wake. Wavuvi walimhamisha wao wenyewe, wakampatia chumba juu, karibu na robine ya mtaa wetu, ambako wanawake wanapanga foleni ya maji kutwa nzima. Wavuvi sasa wanapanda kilima na nyavu mabegani. Wanawake wa foleni wanamsalimia vizuri, "Jambo, Mama Kipa," na watoto wao wanawashika mikono.

Mwezi uliopita binti yangu alikuja kwangu kutoka hospitali na mtoto wake wa kwanza, msichana. Mjukuu wangu wa kwanza. Siku ya tano nikasikia hodi, nikaijua. Kabla sijajibu, binti yangu alitoa kichwa kwenye pazia la chumba, akaninong'oneza:

"Mama, umuambie mutoto analala."

Sikumfundisha maneno hayo. Aliyapata humu ndani, tangu anatambaa. Na mtoto hakuwa amelala. Alikuwa macho nyuma ya pazia, akipiga miguu, akitoa zile sauti zao, na kila aliyekuwa sebuleni alimsikia. Mama Kipa alisimama mlangoni na sabuni yake. Alinitazama, akasubiri niseme. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nikatazama pazia.

"Basi alale muzuri," akasema yeye. Akaiweka sabuni juu ya meza, akashuka ngazi kwa goti lake bovu, ngazi moja moja.

Usingizi uliniruka. Asubuhi nilimwambia binti yangu anipe mtoto. Akauliza naenda naye wapi, nikamwambia. Alikataa. Nikamwambia mambo yote, kuanzia kopo la unga la Kabalo, na nikamwambia la yule mjane na maharagwe. Alilia, sijui kwa ajili ya nani. Kisha akamfunga mtoto vizuri kwenye kitambaa, akanipa, akanifuata hatua kumi nyuma.

Foleni ya robine ilikuwa ndefu. Mama Kipa alikuwa ameketi mlangoni kwake, na jezi yake ya njano, wavu miguuni. Aliponiona na mtoto, mikono ikaingia chini ya wavu.

"Kumbe njo huyu," akasema. "Muzuri. Iko na paji ya mama yako." Alimtazama kwa macho tu.

Niligeukia foleni.

"Ba mama, munisikilize. Ile kifuko ya Mama Kipa, ya zamani, ilikuwa na bunga ya muhogo. Mi nililamba. Mi mwenyewe nilinunua ingine sokoni. Hakukuwa dawa. Mama mwenye angekuwa mukwe wake alikuja kuniuliza, nikasema sijue. Nilidanganya, juu tushinde mupira."

Yule anayeuza mikate asubuhi, mzee kuliko sisi wote, alishusha bidoni yake ya maji. "Bunga?"

"Bunga ya bukari."

"Miaka hii yote?"

"Miaka hii yote."

Maji yalijaa bidoni ya mbele yakaanza kumwagika chini, na mwenyewe hakuona. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mama Kipa:

"Sasa nani ataniletea nyavu?"

Mwanamke mmoja akacheka, wa pili akacheka. Mimi sikuweza. Nilikaa chini karibu naye nikamwomba msamaha, maneno machache, sikuwa na mengine.

"Nilijua," akasema. "Ile Ijumaa, alipotoka kwako alipita kwangu. Akaniambia, hata beki wako hajue iko na nini."

"Ulijua, na ukacheza nyuma yangu Jumapili?"

"Nilicheza."

"Na haukuniambia kitu?"

"Ningesema nini? Bangeniamini mi? Weye njo ulikuwa wa kusema." Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Nilikungojea."

Nikamnyooshea mtoto. Hakuitoa mikono. Alisema ina harufu ya samaki. Nikamwambia anawe. Akatazama foleni, na yule muuza mikate, bila neno, akasogeza bidoni pembeni, bomba likabaki wazi. Mama Kipa alikwenda akichechemea, akanawa mpaka kwenye viwiko, akarudi akijipangusa kwenye jezi, akaketi.

Alimpokea kama nilivyojua atampokea. Vidole vilitanda nyuma ya kichwa, viwiko vikakaribiana, mtoto akaja kifuani, naye akamwinamia mpaka sikumwona tena uso. Mtoto alilia kidogo, akaacha. Kimkono chake kilitoka kwenye kitambaa kikashika kile kidole kilichopinda.

Nilingoja. Binti yangu alikuwa amefika, amesimama na mikono kinywani. Nikainuka, nikanyoosha mikono nimrudishe mtoto kwa mama yake. Mama Kipa aligeuza bega, kama alivyoligeuza zamani mshambuliaji akimjia.

"Bado," akasema.

Baadhi ya wanawake walianza kusogea kutazama. Mwingine alimshika mwanawe mkono, akaondoka haraka bila kuteka maji, na wengine walikuwa hawajajua wafanye lipi. Mimi nikageuka. Nikasimama mbele yake, nimempa mgongo, miguu nimeipanua kidogo, nikawatazama wote. Hakuna aliyekuwa anakuja na mpira. Nilisimama tu.

"Niko," akasema nyuma yangu.